Umeme wa Ushirika: Hesabu, Zamu na Akiba

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Wenye madaftari wayafungue, na viongozi wa madarasa waandike ubaoni maneno haya matatu: HESABU, ZAMU, AKIBA. Leo tutajifunza historia ya wanavijiji waliojiletea umeme kwa njia ya ushirika. Tutaona pia jinsi chama kinavyopanga ili taa ziwake kila siku, kwa bei ambayo mwanachama anaiweza.

Tuanze na jambo ambalo watu wa Kirua Vunjo wanalijua tangu zamani, yaani mfereji. Wazee wa Uchaga huuita mfongo. Mababu waliyachepusha maji ya mto huko juu, wakayaongoza kwenye miteremko ya mlima mpaka vihambani. Mtu mmoja hakuweza kuifanya kazi hiyo. Watu walichimba pamoja, wakamweka mzee wa kuusimamia mfereji. Kila mwenye haki ya maji alikuwa na zamu yake. Siku ya kuuzibua na kuutengeneza alitakiwa kufika na jembe lake. Asiyefika alitozwa faini au alinyimwa maji. Kwa hiyo maji hayo hayakuwa ya bure. Yalilipiwa kwa kazi.

Kahawa nayo ilifuata njia hiyo. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake. Mwenye gunia moja na mwenye magunia kumi waliuza kahawa yao pamoja.

Sasa tuje kwenye umeme. Maji ya Kilimanjaro hushuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata mto Pangani mpaka baharini. Njiani yamezungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa Hale, wenye nguvu ya megawati 21, ulianza kazi mwaka 1964. Lakini umeme ulitangulia kufika mijini na viwandani. Huku mlimani, yanakotoka maji, nyumba nyingi ziliendelea kuwasha kibatari kwa miaka mingi.

Kwa nini ikawa hivyo? Nguzo na nyaya ni ghali. Mjini waya mfupi huhudumia nyumba nyingi. Shambani waya mrefu huhudumia nyumba chache, na kila nyumba hutumia umeme kidogo. Anayetafuta faida huiona hasara kabla hajasimamisha nguzo ya kwanza.

Wakulima wa Marekani waliambiwa hivyohivyo. Katikati ya miaka ya 1930, huko Marekani, karibu shamba moja tu katika kila mashamba kumi lilikuwa na umeme. Makampuni yalisema wakulima wanakaa mbalimbali mno. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya umeme wa vijijini, na mwaka 1936 ikapitishwa sheria yake. Serikali haikugawa umeme bure. Ilitoa mikopo ya muda mrefu yenye riba ndogo, na waliokopa zaidi walikuwa vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe. Mwanachama alitoa kiingilio, mara nyingi dola 5, akapata kura moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mashamba karibu tisa katika kila kumi yalikuwa na umeme.

Je, hapa Tanzania jambo hili limewahi kujaribiwa? Ndiyo. Lilijaribiwa Urambo, mkoani Tabora. Wananchi wa mji huo mdogo waliunda chama cha ushirika cha watumiaji wa umeme, kwa msaada wa TANESCO na wataalamu kutoka Sweden. Chama kilianza kutoa umeme mwaka 1994 kwa injini za dizeli, kikiwa na wateja 67. Kufika mwaka 2002 wateja walikuwa kama 250.

Sikilizeni vizuri hapa. Watu wa Urambo walilipa bei kubwa kuliko wateja wa TANESCO. TANESCO ilikuwa na wateja wengi nchini, kwa hiyo hasara ya mji mmoja ilifidiwa na mapato ya mji mwingine. Chama cha Urambo hakikuwa na wa kukifidia. Dizeli, mshahara wa fundi na vipuri vyote vilitoka katika ada za wanachama. Hata hivyo watu walizidi kujiunga, kwa sababu taa ziliwaka. Umeme wa bei ndogo usiofika humlazimisha mtu kununua mafuta ya taa, na hapo ndipo hupata gharama mara mbili.

Sasa tufanye hesabu. Huu ni mfano wa darasani tu. Kijiji kina mto mdogo. Wakati wa masika hutoa lita 100 za maji kwa kila sekunde, nayo huanguka kimo cha mita 20. Mtambo mdogo utatoa kama kilowati 12. Wakati wa kiangazi maji hupungua nusu, na umeme hupungua nusu, yaani kilowati 6. Je, chama kiwaahidi wanachama kilowati 12 au 6? Kiwaahidi 6. Anayepanga kwa maji ya masika atalala gizani wakati wa kiangazi.

Kijiji kina nyumba 100. Kila nyumba ina taa nne za wati 10. Zote zikiwaka pamoja ni wati 4,000, yaani kilowati 4. Ipo pia mashine ya kusaga ya kilowati 5. Ikisaga jioni wakati taa zinawaka, jumla ni kilowati 9. Mtambo utashindwa, na wote watakosa. Lakini mashine ikisaga mchana, na taa zikawaka jioni, kilowati 6 zinatosha. Hakuna mtambo mpya ulionunuliwa. Kilichotumika ni zamu, kama ile ya mfereji.

Limebaki neno la tatu, akiba. Injini huchakaa, na nguzo huoza au huliwa na mchwa. Bei ya umeme isiyo na fungu la matengenezo huwafurahisha wanachama mwaka wa kwanza, na huwatia gizani mwaka wa tano. Fungu hilo liwekwe benki, hesabu zake zisomwe mbele ya mkutano mkuu, na mwenyekiti asiunganishiwe umeme bila mita. Mdaiwa akiwa tajiri au maskini, kanuni iwe moja, kama ya mfereji.

Hata hivyo, tusiseme kwamba ushirika peke yake unatosha. Gharama ya kwanza ya kujenga ni mzigo mzito kwa wanakijiji. Ndiyo maana Marekani ilitoa mikopo, na Tanzania mwaka 2005 ikapitisha Sheria ya Nishati Vijijini, iliyoanzisha wakala na mfuko wa kusaidia ujenzi. Msaada hujenga. Wanachama ndio wanaotunza.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini chama kipange kwa maji ya kiangazi?
2. Mtambo wa mfano wetu ukitoa kilowati 6 na taa zikitumia 4, zinabaki ngapi? Zinaweza kufanya kazi gani?
3. Je, ni haki mtu wa kijijini alipe umeme kwa bei kubwa kuliko mtu wa mjini? Toeni sababu za pande zote mbili.
4. Ni kanuni gani ya mfereji mngependa iingie katika chama cha umeme?