Kulanti ya lori la dizeli: Usichague kwa rangi, usijazie maji ya kisima

Na Mwandishi Wetu, Masasi

MSIMU wa korosho unapoanza mwezi Oktoba, malori ya dizeli huongezeka katika barabara inayounganisha Masasi na Newala. Hupita Chiungutwa yakienda na kurudi, yakikabili miinuko ya Uwanda wa juu wa Makonde yakiwa yamesheheni magunia. Mengi si mapya. Yamekwishatembea kilometa laki kadhaa.

Lori la umri huo likichemsha mlimani, utingo hukimbilia dumu la maji. Safari huendelea, lakini kila dumu la maji ya kisima linaloingia katika rejeta hupunguza maisha ya injini. Mmiliki huja kuligundua hilo siku fundi anapofungua silinda hedi.

Kulanti hufanya nini

Kulanti ni mchanganyiko wa maji, kemikali iitwayo ethilini glaikoli, na dawa za kuzuia kutu. Watu wengi huamini kuwa kazi yake ni kuzuia maji yasigande, hivyo katika nchi ya joto haihitajiki. Imani hiyo si sahihi.

Maji matupu huchemka katika nyuzi joto 100 za Selsiasi, na chini kidogo ya hapo katika sehemu zenye mwinuko. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka karibu nyuzi 108. Mfuniko wa rejeta ukiwa mzima, shinikizo lake huongeza kiwango hicho hadi kupita nyuzi 120.

Faida kubwa zaidi ni kinga ya chuma. Injini nyingi za malori makubwa, zikiwamo za Scania, zina silivu zinazoguswa na maji moja kwa moja. Mafuta yanapowaka, silivu hutikisika na kuzaa viputo vidogo upande wa maji. Viputo hivyo vinapopasuka huchimba vitundu kama vya sindano. Miezi inavyopita, kitundu hutoboa silivu na maji huingia ndani ya silinda au kuchanganyika na oili. Dawa zilizomo katika kulanti ya magari mazito, kama naitraiti, hutandaza utando mwembamba unaoikinga silivu.

Jinsi ya kuchagua

Kosa la kwanza ni kuchagua kwa rangi. Kijani, nyekundu, njano na buluu ni uamuzi wa kiwanda. Hakuna sheria moja ya dunia inayoziongoza. Kinachofaa kusomwa ni maandishi ya chupa na kitabu cha gari.

Tafuta kulanti iliyoandikwa kuwa ni ya injini nzito za dizeli. Alama inayotumika sana ni ASTM D6210. Kulanti ya gari dogo inaweza kukosa kinga ya silivu hata kama bei yake inavutia.

Aina ya zamani hudumu takriban miaka 2, na ile ya asidi za kikaboni miaka 5 au zaidi, kwa masharti ya mtengenezaji. Usichanganye aina hizi mbili, kwani kinga hupungua na wakati mwingine hutokea utelezi mzito unaoziba njia za rejeta. Ikiwa umenunua lori kuukuu na hujui lina kulanti gani, mwaga yote uanze upya.

Maji ya kuchanganyia

Hapa ndipo wenye magari ya Masasi na Newala wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Uwanda wa Makonde hauna mito ya kutegemea, na mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni. Maji ya visima mara nyingi hubeba chumvi na chokaa. Yakipashwa joto huacha ukoko ndani ya injini, kama ule wa birika la chai, na ukoko huo huzuia joto lisitoke.

Tumia maji yaliyotoneshwa, yale safi yauzwayo kwa ajili ya kuongezea betri. Hakikisha si asidi ya betri, kwani vyombo vyake hufanana. Kwa dharura, maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya kisima. Bora zaidi ni kubeba dumu la kulanti iliyokwishachanganywa.

Hatua za kubadilisha

1. Subiri injini ipoe kabisa. Kufungua mfuniko ikiwa ya moto kunaweza kumbabua mtu usoni.

2. Fungua koki ya rejeta na ile ya bloku, ukikinga kwa beseni.

3. Suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe. Rejeta kuukuu isisafishwe kwa dawa kali bila ushauri wa fundi, kwani inaweza kuanza kuvuja.

4. Kagua mipira ya maji, fenibelti, mfuniko na thamostati. Usiitoe thamostati ‘ili gari lisichemshe’. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaa upesi na kula dizeli zaidi.

5. Maji ya kusuuzia hubaki ndani. Hivyo, mfumo ukibeba lita 40, tia kwanza lita 20 za kulanti isiyochanganywa, kisha jazia maji yaliyotoneshwa.

6. Washa injini hadi thamostati ifunguke, toa hewa, iache ipoe, kisha ongeza panapopungua. Andika tarehe na kilometa.

Dalili za kutopuuza

Mafuta yanayoelea katika kulanti, moshi mweupe usiokwisha, au oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni ishara kwamba maji na oili vinakutana au silinda inavuja. Kubadilisha kulanti hakutaponya hali hiyo. Lori lisimame, fundi aitwe.

Kulanti iliyomwagwa ni sumu yenye ladha tamu. Mbuzi, mbwa na hata watoto huweza kuinywa. Isimwagwe chini wala karibu na kisima. Ihifadhiwe katika dumu lenye mfuniko na alama. Aliyeinywa awahishwe hospitali bila kusubiri dalili.

Kwa mwenye lori moja linalolipa ada za shule na mkopo, gharama ya kulanti sahihi ni ndogo mno ikilinganishwa na kufungua injini katikati ya msimu.