Vitabu vya MTUHA, Access na Java: nani alichagua, na kwa nini?

Mwaka jana nilikwenda hospitali moja ya wilaya kukusanya data za tasnifu yangu. Ofisi ya takwimu ilikuwa chumba kidogo, vitabu vya MTUHA vimepangwa hadi dirishani, na kompyuta mbili mezani. Moja ilikuwa imefungua DHIS2, mfumo wa taifa wa takwimu za afya. Ya pili ilikuwa na programu ndogo ya wavuti iliyotengenezwa na kijana aliyewahi kujitolea pale. Mama anayesimamia takwimu aliniomba kitu kimoja tu: fomu imebadilika, kuna safu mpya ya kujaza, naomba uiongeze.

Nikafungua kodi (siyo ile ya TRA, wasomaji wangu). Kumbe yote iliandikwa kwa AngularJS, kiunzi ambacho Google waliacha kukihudumia mwishoni mwa 2021. Kijana mwenyewe keshapata kazi kwingine. Nilimweleza mama kwamba kifaa alichotumia yule kijana ni kama kimeshakufa, hakuna anayekitengeneza tena. Akanitazama, akaigeukia ile kompyuta nyingine, akauliza: “Sasa mwanangu, na hii itakufa lini?”

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nikaanza kuchimba historia, na hiki ndicho nilichokikuta.

Kwanza tuelewane kuhusu neno kiunzi. Ukijenga nyumba hufyatui kila tofali mwenyewe. Programu ya wavuti ya taasisi kubwa ina mambo yaleyale kila mahali: kumtambua mtumiaji, kuonyesha fomu, kuandika kwenye kanzidata, kutoa ripoti. Kiunzi kinakupa hayo yakiwa tayari, lakini kinakulazimisha ujenge kwa mpangilio wake. Ukishakichagua umekichagua. Kukibadili baada ya miaka kumi ni kama kubadili msingi huku watu wamelala ndani.

Hadithi ya DHIS haianzii na viunzi kabisa. Inaanzia Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994. Utawala wa ubaguzi ulikuwa umeacha idara 14 za afya, kila moja na fomu zake, na serikali mpya ilitaka kujua jambo la kawaida sana: kila wilaya ina watoto wangapi waliochanjwa? Mradi wa HISP ulianza huko Cape Town, ukiwaunganisha watafiti wa Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, akiwemo Jørn Braa. Kifaa walichochagua kilikuwa Microsoft Access.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa pili atacheka. Access? Lakini fikiria ofisi ya wilaya ya miaka ile. Kompyuta ni moja, ina Windows na Office, intaneti hakuna. Access ilikuwa tayari imo ndani ya mashine, na mtu wa takwimu aliweza kutengeneza ripoti yake bila kumwita mhandisi. Mwisho wa mwezi unatoa faili, unaliweka kwenye disketi, unampa dereva anayekwenda mkoani. Kwa mazingira yale sioni walikosea wapi.

Cha ajabu ni kwamba huku kwetu njia hiyohiyo ilifuatwa na watu wengine kabisa. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Nayo ilikuwa Access. Kisha programu ya matibabu ya UKIMWI ikakua haraka kuliko yeyote alivyotarajia, na faili la Access lina mpaka wake: haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na watumiaji wengi wakiliingia kwa pamoja linaanza kuyumba. Burke Mamlin na Paul Biondich walipofika Eldoret na kuona hali ilivyo, wao na wenzao wakaanza, mwaka 2004, mfumo mpya uliokuja kuitwa OpenMRS. Wakauandika kwa Java.

Mwaka huohuo kule Oslo timu ya DHIS ilikuwa inaanza toleo la pili. Nao wakachagua Java.

Kwa nini Java, na kwa nini wakati ule? Hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana kama wangeamua mwaka 2001 huenda wangezama.

Desemba 1999 kampuni ya Sun ilitoa J2EE, kanuni za kujenga programu za mashirika makubwa kwa Java. Moyo wake ulikuwa EJB. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Kiutendaji, ukitaka kitu kimoja tu, tuseme “mgonjwa”, ulihitaji kuandika faili mbili za kueleza namna ya kumfikia, faili la tatu la kazi yenyewe, halafu faili refu la XML la kuielezea seva vyote hivyo ni nini. Na seva yenyewe haikuwa nyepesi. WebLogic na WebSphere ziliuzwa kwa benki na mashirika ya ndege, si kwa mradi wa chanjo.

Watu wakachoka. Gavin King, wakati huo Australia, alianza Hibernate mwaka 2001 ili kuhifadhi vitu kwenye kanzidata bila mateso ya EJB. Mwaka 2002 Rod Johnson alichapisha kitabu kikubwa cha kueleza J2EE inakosea wapi, akaambatanisha maelfu ya mistari ya kodi kuonyesha njia nyepesi. Wasomaji wawili, Juergen Hoeller na Yann Caroff, wakamshawishi wageuze kodi hiyo kuwa mradi huria. Ukaitwa Spring, yaani majira ya kuchipua baada ya baridi kali ya J2EE. Toleo 1.0 lilitoka Machi 2004.

Tazama tarehe hiyo. Timu za Eldoret na Oslo zilifika sokoni wakati bidhaa ndiyo kwanza imeshushwa. Zote mbili zilichukua Spring na Hibernate, na zote ziliweza kuendeshwa juu ya Tomcat, seva nyepesi isiyo na gharama. Hibernate iliwapa jambo moja kubwa: kodi ileile iliweza kuzungumza na kanzidata tofauti. DHIS2 kwa miaka mingi ilikubali MySQL, PostgreSQL, hata H2 ndogo ya kubebwa kwenye flashi. (Baadaye walibaki na PostgreSQL peke yake, kwa sababu kukubali zote maana yake ni kutotumia uwezo maalumu wa yoyote.) Na Java haikujali kama mashine ni Windows au Linux. Hilo lilikuwa na uzito Kerala, India, ambako DHIS2 ilianza kutumika mwaka 2006, maana serikali ya jimbo lile ilikuwa inasukuma programu huria kwa nguvu.

Mbadala walikuwepo. .NET ilikuwa imetoka 2002 lakini ilikufunga kwenye Windows. PHP ilikuwa rahisi na kila kijana aliijua. Rails ilitoka Julai 2004, Django mwaka uliofuata, zote changa mno kuziamini na takwimu za nchi nzima.

Sasa, hapa ndipo nina ugomvi kidogo na uamuzi wa Oslo, ingawa sikuwepo. Waliposema mfumo ni huria na utajengwa kwa pamoja na nchi zinazoutumia, walimaanisha kweli. Lakini mtu aliyekuwa akitengeneza ripoti kwenye Access hakuweza kuruka siku moja hadi Spring, Hibernate, WebWork na Maven. Ngazi zilikuwa nyingi mno. Timu za India na Vietnam zililazimika kujifunza rundo la vifaa vipya kabla ya kugusa fomu moja. Leseni ilimruhusu kila mtu kubadili kodi, vifaa vikawaruhusu wachache. Kwa muda mrefu moyo wa mfumo ulibaki kuandikwa Oslo, mara nyingi na wanafunzi wa uzamili kama mimi. Je, kwa PHP ingekuwa tofauti? Nadhani kodi ingeandikwa na watu wengi zaidi, na huenda ingekuwa mbaya zaidi. Nimeibadilisha kauli hii mara tatu nikiandika.

Kilichookoa hali si kiunzi chochote. Ni nyaya. Julai 2009 mkebo wa SEACOM uliunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia, na nyingine zikafuata. Kenya ilikuwa inapanga kuweka DHIS2 kwenye kompyuta za kila wilaya, mpango wa kuumiza kichwa: mamia ya nakala, kila moja na virusi vyake. Walipoona modemu za simu zinatosha, wakageuza mpango. Mwaka 2011 nchi nzima ikaingia kwenye seva moja ya kukodi. Ghafla ule ugumu wa Java ukawa tatizo la watu wachache wanaotunza seva moja. Ofisi za wilaya zilihitaji kivinjari tu. Na mtandao ulipokatika, kivinjari kilihifadhi tarakimu hadi urudi. Tanzania Bara nayo ilipita njia hiyo miaka hiyohiyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa ndani ya kazi.

Turudi kwa swali la mama. WebWork, kiunzi cha kurasa walichoanza nacho DHIS2, kiliungana na Struts na kuzaliwa upya mwaka 2007 kama Struts 2. Hawakuchagua Struts; ilikuja kwao. Machi 2017 ilitangazwa tundu kubwa la usalama ndani yake pamoja na kiraka cha kuliziba. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuziba, wezi wakaingia mwezi Mei, na taarifa za takriban watu milioni 147 zikachukuliwa. Sisemi DHIS2 ilivamiwa. Nasema ilikuwa imesimama juu ya kiunzi kilekile, na kuking'oa kipande kwa kipande kulichukua miaka mingi. Upande wa mbele ndiyo usiseme: ExtJS kwa majedwali na ramani, AngularJS kwa kufuatilia wagonjwa, kisha React. Yaani AngularJS ileile ya yule kijana! Tofauti ni kwamba Oslo kulikuwa na mtu wa kulipwa kuandika upya. Spring na Hibernate bado zipo, miaka ishirini na zaidi.

Kwa hiyo nilimpigia mama simu. Nikamwambia, shikamoo mama, ile kubwa imeshakufa vipande kadhaa, ila kila kikifa kuna mtu anakizika na kuweka kingine. Ile ndogo haina mtu.

“Basi wewe ndiye mtu,” akasema.

Safu aliyotaka ilinichukua siku mbili na nusu, nyingi zikiishia kutafuta toleo la zamani la maktaba moja. Nilipomaliza nikaandika kwa mkono, kwenye karatasi, majina ya vifaa vyote na matoleo yake, seva iko wapi, na nakala ya data inahifadhiwaje. Mama akaipiga muhuri wa ofisi na kuibandika ndani ya jalada la kitabu cha MTUHA.