Meli ya Angani Iliyokuwa Inakuja Kwetu

Wengi huenda Friedrichshafen kwa ajili ya Hindenburg. Mji uko kusini mwa Ujerumani, ukingoni mwa ziwa Bodensee. Ukivuka maji umefika Uswisi. Chombo cha kwanza cha Ferdinand von Zeppelin kilipaa juu ya ziwa hili tarehe 2 Julai 1900. Leo makumbusho yake yamo katika kituo cha zamani cha reli cha bandarini, na humo wamejenga upya kipande cha Hindenburg chenye urefu wa meta 33. Unapanda, unachungulia vyumba vya kulala (vidogo kweli, kama vya treni), kisha unakumbuka kwamba chombo kizima kilikuwa na meta 245. Kiliungua Lakehurst, Marekani, Mei 1937, wakafa watu 36.

Mimi lakini nilikwenda na L 59 kichwani.

Novemba 1917 Jenerali Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Bahari ilikuwa ya Waingereza. Basi Wajerumani wakaamua kumletea mahitaji kwa zeppelin. L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21, ikiwa na takriban tani 15: risasi, bunduki za mtombo, dawa. Haikutarajiwa kurudi. Huku kwetu nani angeijaza hidrojeni? Ndiyo maana mpango ulikuwa kuichinja kama ng'ombe, bila kutupa kitu: kitambaa cha ngozi yake kiwe mahema na nguo, na mifupa yake nayo itumike.

Ikavuka Mediterania, ikavuka jangwa la Misri. Ilipokuwa magharibi ya Khartoum, ikapokea amri kwa redio: rudini. Kapteni Bockholt akageuza. Walitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 angani na kilometa zaidi ya 6,700. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Miezi michache baadaye, Aprili 1918, L 59 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, na hakupona hata mmoja.

Safari hii husimuliwa kama ushujaa, na kwa ufundi ilikuwa maajabu, sibishi. Ila mimi hupiga hesabu nyingine. Tani 15, tukimpa kila mtu kilo 25, ni mzigo wa wapagazi 600. Vita ile haikuendeshwa na zeppelin bwana, iliendeshwa na vichwa na mabega ya watu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, hukadiriwa kufikia karibu laki moja. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa kikosi chao, Carrier Corps, na Kariokor ya Nairobi vilevile. Watu 22 wa L 59 tunajua walipaa saa ngapi na wakatua saa ngapi. Wapagazi tumebaki na soko.

Karibu na uwanja wa ndege kuna makumbusho ya Dornier, na hapo pia Afrika inakufuata. Kuna mfano wa Merkur, aina ya ndege aliyorukia Walter Mittelholzer kutoka Zürich hadi Cape Town mwaka 1926 na 1927, ikiwa na maboya ya kutua majini, akifuata Nile na maziwa yetu. Kuna Do 27 pia. Kwa ndege ya aina hiyo, iliyopakwa milia ya pundamilia, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti. Januari 1959 iligongana na tumbusi, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro.

Usiondoke eneo hili kabla ya kufika Überlingen, mwendo mfupi kwa treni. Viwanda vya Friedrichshafen vilipopigwa mabomu mwaka 1944, wafungwa walioletwa kutoka kambi ya Dachau walilazimishwa kuchimba mahandaki mwambani huko Goldbach ili viwanda hivyo vihamie chini ya ardhi. Walichimba kuanzia Oktoba hadi Aprili 1945. Wasiopungua 168 walikufa, na 97 wamezikwa karibu na kanisa la Birnau, juu ya mashamba ya mizabibu. Humo handakini hamna ndege hata moja. Vaa sweta.