Jina la Beidelman na "Jina la Ukoo" katika Ukaguru

Berega, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, inajulikana na wengi kwa hospitali ya Kanisa Anglikana na kwa historia ndefu ya misheni ya CMS katika nchi ya Wakaguru. Wanaosoma maandishi ya kitaaluma kuhusu nchi hiyo hukutana mara kwa mara na jina moja ambalo si la Kikaguru, si la Kiswahili, wala si la Kiingereza ingawa mwenyewe aliandika kwa Kiingereza. Jina hilo ni Beidelman. Thomas O. Beidelman, mwanaanthropolojia Mmarekani, alianza utafiti wake Ukaguru mwaka 1957. Aliandika kuhusu ukoo, visasili, tohara na misheni, na kitabu chake cha mwaka 1971 kinawatambulisha Wakaguru tangu kwenye jalada kuwa ni watu wanaofuata nasaba ya mama. Mwaka 1974 alichapisha pia makala kuhusu majina ya Wakaguru na jinsi yanavyotolewa. Mwandishi huyo aliyeyachambua majina ya wenzake alibeba jina ambalo lenyewe linastahili uchambuzi. Kulitazama jina hilo kwa makini kunasaidia kueleza tatizo dogo la Kiswahili cha leo, yaani maana ya maneno "jina la ukoo" katika fomu.

Kwanza jina lenyewe. Sehemu yake ya mwisho haina utata. Katika Kijerumani neno *Mann*, mtu au mwanamume, hushikamana na neno jingine kutaja mwenye kazi fulani: Zimmermann ni seremala, Kaufmann ni mfanyabiashara, Bergmann ni mchimba madini, Ackermann ni mkulima. Majina hayo yalipofika Marekani, mara nyingi yalipoteza herufi moja ya mwisho, yakawa Zimmerman, Kaufman, Hoffman. Kwa hiyo -man ya Beidelman ni ya Kijerumani, ingawa mwandiko wake ni wa Kimarekani.

Sehemu ya kwanza inahitaji kazi zaidi, kwa kuwa kamusi ya Kijerumani sanifu haina neno *Beidel*. Yapo maneno mawili yanayoweza kuwa asili yake. La kwanza ni *Beutel*, mfuko au mkoba. La pili ni *Beitel*, patasi ya seremala. Kwa macho, *Beitel* ndilo lililo karibu zaidi, na mtu asiye na subira angeishia hapo. Lakini etimolojia haiamuliwi kwa macho. *Beitel* ni neno la kaskazini, ndugu wa neno la Kiholanzi lenye umbo hilohilo. Wahamiaji wengi wa Kijerumani waliokwenda Pennsylvania katika karne ya 18 walitoka kusini-magharibi, katika bonde la mto Rhein, jimbo la Pfalz na nchi za jirani. Katika lahaja za huko irabu unganifu ya *Beutel* hutamkwa bila kuviringa midomo: *Leute*, watu, huwa *Leit*, na *heute*, leo, huwa *heit*. Konsonanti t iliyo katikati ya irabu nayo hulegea ikawa d. Ukizifuata kanuni hizo mbili, *Beutel* huwa *Beidel* bila kulazimisha chochote. Ushahidi wa kuunga mkono unatoka kwa jina la undugu, Beidler, ambalo linaeleweka kuwa umbo la kilahaja la Beutler, fundi wa mikoba. Ni vigumu kuona kwa nini Beidler awe wa mikoba na Beidelman awe wa patasi.

Kazi ya Beutler haikuwa ndogo. Kabla ya nguo kuwa na mifuko ya kushonewa, fedha, funguo na vitu vidogo vilichukuliwa katika kifuko cha ngozi laini kilichofungwa kiunoni, na mafundi wa vifuko hivyo walikuwa na chama chao katika miji mingi ya Kijerumani. Hata hivyo *Beutel* lilikuwa pia jina la kitambaa cha kuchekechea unga kinuni, na kitenzi chake kilimaanisha kuchekecha. Kwa hiyo Beidelman wa kwanza huenda alishona mikoba, na huenda alisimama kwenye kinu, nguo zake nyeupe kwa unga. Mkoba una nguvu zaidi kwa sababu ya Beutler, lakini kinu hakiwezi kuondolewa kabisa.

Jambo la kuzingatia ni wakati jina lilipoacha kutaja kazi. Kabla ya karne ya 12 Wajerumani walio wengi walikuwa na jina moja tu. Majina ya kurithi yalianza mijini, kusini na magharibi, pale ambapo akina Heinrich na akina Johann walizidi kuwa wengi na karani wa kodi alihitaji kuwatofautisha. Yalienea polepole hadi vijijini. Kaskazini, miongoni mwa Wafrisia, mtoto aliendelea kuitwa kwa jina la baba yake, kizazi baada ya kizazi, mpaka amri za watawala zilipoingilia kati katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Wayahudi wa Prussia walitakiwa kuwa na majina ya kudumu kwa amri ya mwaka 1812. Ofisi za kiserikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo zilianza kazi katika dola nzima ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Kwa maneno mengine, jina la kurithi ni kazi ya makarani kuliko ya wazazi. Mtu alikuwa mshona mikoba, mwanawe akawa mkulima, mjukuu akawa askari, na wote wakaandikwa Mshona-mikoba.

Uadimu wa jina hili nao una sababu zinazoeleweka. Jina lenye asili moja lilipopita mikononi mwa makarani tofauti, liligawanyika. Mwandishi mmoja aliandika kwa eu, mwingine kwa ei, mwingine kwa t, mwingine kwa d. Huko Philadelphia, tangu mwaka 1727, wanaume wa Kijerumani waliowasili kwa meli walitakiwa kula kiapo, na makarani wa Kiingereza waliandika majina yao kama walivyoyasikia. Kila mwandiko ukawa jina la pekee. Sababu ya pili ni ya kihesabu. Francis Galton mwaka 1873 alitoa swali kuhusu kutoweka kwa majina ya koo za Uingereza, na H. W. Watson akalijibu kwa hesabu. Kiini chake ni kwamba jina linalorithiwa kwa wana wa kiume peke yao linaweza kutoweka bila vita wala tauni, kwa sababu tu katika kila kizazi baadhi ya wanaume hawapati wana wa kiume. Majina machache huwa mengi sana, mengine hubaki kwa familia chache, mengine hufa kimya.

Ukaguru ilipitiwa na majina mengine ya Kijerumani yaliyo wazi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walikusanya mikataba katika eneo waliloliita Usagara, jina ambalo Wazungu wa wakati huo walilitandaza hadi juu ya Ukaguru. Peters maana yake ni "wa Petro", na kwa sarufi halina tofauti na "bin Petro". Mwenzake Joachim von Pfeil alikuwa na jina la mshale. Emin Pasha, aliyepita Mpwapwa pamoja na Stanley mwaka 1889, alizaliwa Schnitzer, yaani mchongaji. Hata Mwingereza J. T. Last wa misheni ya Mamboya, aliyechapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886, alikuwa na jina ambalo kwa asili lilihusiana na kalibu ya kushonea viatu. Mshale, mchongaji, kalibu, mkoba: duka zima la fundi lilipita njia hiyo ya misafara, na hakuna aliyetambuliwa kwa kazi iliyomo katika jina lake.

Majina hayo hayakubaki. Utawala wa Kijerumani, uliokoma Kilosa mwaka 1916, uliacha katika Kiswahili maneno mawili yasiyong'oka, *shule* na *hela*. Hili la pili ni *Heller*, sarafu iliyoingizwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, 100 kwa rupia moja, nayo ilipata jina lake kutokana na mji wa Hall ilikofuliwa zamani. Heller ni jina la kurithi pia huko Ujerumani. Linatamkwa kila siku sokoni Berega, lakini halimtaji mtu. Majina ya ubatizo yalipokelewa kwa urahisi, kwa sababu jina la ubatizo huongezwa juu ya mengine na halidai nasaba. Jina la kurithi hudai nasaba, na kwa upande wa baba tu. Hapo ndipo lilipogongana na mila ya Wakaguru.

Mkaguru huzaliwa katika ukoo wa mama yake. Ukoo wa baba unaheshimiwa na una nafasi yake katika maisha ya mtoto, lakini si wake. Majina ya mtu ni jambo jingine tena. Kama Beidelman alivyoonyesha, jina humuunganisha mtoto na jamaa wa pande zote mbili, na walio hai na waliokufa. Jina la aliyekufa hurudi kwa mtoto, na marehemu hukumbukwa kwa kuitwa tena. Kwa hiyo katika Ukaguru jina la mtu na ukoo wa mtu hufuata njia mbili tofauti. Katika Ujerumani ya karne ya 19 njia hizo zilifungwa kamba moja.

Tatizo la Kiswahili linaanzia katika tafsiri. Fomu za serikali, za shule na za hospitali zilihitaji neno la kutaja jina la mwisho la kurithi, na fomu nyingi zikatumia "jina la ukoo". Neno *ukoo* lilionekana kufaa kwa sababu katika miji ya pwani nasaba huhesabiwa kwa baba: Mazrui ni mtoto wa Mazrui. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa na maana hiyo. Waluguru, majirani wa Wakaguru katika mkoa huohuo, huuita ukoo *lukolo*, na lukolo hurithiwa kwa mama. Lukolo na ukoo ni neno moja. Kiambishi *lu-* cha bara ni *u-* ya Kiswahili sanifu, na *l* iliyo kati ya irabu imedondoka katika Kiswahili kama ilivyodondoka katika *njaa*, *mguu* na *-kuu*, maneno ambayo katika lugha nyingi za bara bado yana *l* yake. Aidha, Kiswahili kina *koo*, mnyama au ndege wa kike anayezaa. Haifai kujenga hoja nzima juu ya kuku anayetaga, lakini inatosha kuonyesha kwamba mzizi huu haukuwa mali ya akina baba. Wala Uislamu peke yake hauelezi jambo hili, kwa kuwa Wangazija, walio Waislamu na jirani wa karibu wa Waswahili, huhesabu ukoo wao kwa mama.

Kwa hiyo Mkaguru anapojaza nafasi ya "jina la ukoo" huandika jina la babu yake mzaa baba, au jina la baba, au lolote ambalo mwalimu wa darasa la kwanza alilikubali. Analoandika si jina la ukoo wake. Ukoo wake wa kweli, ule unaoamua nani asiolewe na nani na ardhi ya nani ilikuwa ya nani, hauna mstari katika fomu. Baada ya vizazi viwili au vitatu, jina la babu mmoja lililoandikwa kwa sababu ya haraka ya karani huanza kurithiwa, kama Mshona-mikoba alivyorithiwa na mkulima, na watoto huambiwa kwamba huo ndio ukoo wao. Hesabu ya Watson nayo hufanya kazi hapa kwa njia mbili: jina lililoandikwa hupungukiwa likikosa wana wa kiume, na ukoo halisi hupungukiwa ukikosa mabinti, lakini upungufu wa kwanza tu ndio unaoonekana katika daftari.

Wajerumani wenyewe wameilegeza kamba yao. Sheria ya ndoa ya mwaka 1976 iliwaruhusu wanandoa kuchagua jina la mke liwe jina la familia, ingawa wasipokubaliana la mume ndilo lililotumika. Mahakama ya Katiba iliufuta upendeleo huo mwaka 1991, na sheria mpya ikaanza kutumika mwaka 1994. Tangu hapo mtoto wa Kijerumani anaweza kuwa Beutler kwa mama yake, bila karani kuinua kichwa.

Kwa Kiswahili, marekebisho hayahitaji sheria kubwa. Maneno "jina la baba" na "jina la babu" yanasema kweli kuhusu kinachoandikwa, na fomu kadhaa tayari zinayatumia. Hapo "ukoo" unaachwa huru kumaanisha kile ambacho mzee wa Berega anakimaanisha anapomuuliza mgeni kijana ukoo wake, na kijana, kabla ya kujibu, inambidi kwanza amtaje mama yake.