Puto Ndani ya Koo

Anayeumia kichwa usiku kwenye barabara ya Thika, hapo kati ya Ruiru na Juja, huenda akafika hospitali pumzi zikimponyoka. Daktari humwingiza mrija mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, haraka, damu na matapishi vikimzuia kuona. Mrija huo huokoa maisha, sina ubishi. Ninachoandikia ni kovu linalobaki.

William Macewen alipitisha mrija mdomoni huko Glasgow mwaka wa 1878, badala ya kutoboa shingo. Mwaka wa 1928 Guedel na Waters, Wamarekani, wakauvika puto dogo ili hewa isivuje na uchafu usishuke mapafuni. Kwa upasuaji wa saa chache, lilifaa sana. Lakini baada ya mlipuko wa polio wa Copenhagen mwaka wa 1952, ambako wanafunzi wa udaktari walikamua mifuko ya hewa kwa mikono, zamu kwa zamu, usiku na mchana, watu walianza kusaidiwa kupumua kwa wiki nzima. Puto gumu likikaa palepale hukandamiza ngozi laini ya ndani mpaka damu ishindwe kupita. Ngozi inakufa, kovu linaota, njia inasinyaa. Mwaka wa 1969 Cooper na Grillo wa Boston walichunguza koo za waliofariki wakiwa kwenye mashine, wakaonyesha mkosaji ni puto. Basi yakaja maputo mapana na laini, na kipimo cha shinikizo: sentimita 20 hadi 30 za maji. Kipimio chenyewe chaenea mkononi. Kisipokuwepo, muuguzi huliminya puto kwa vidole, na vidole hudanganya.

Jirani yangu wa Ruiru, mtu wa boda, alitoka ICU mzima, tukamchinjia mbuzi. Wiki ya tano akaanza kutoa mluzi akipanda ngazi. Ati ni pumu. Akapewa pampu, haikusaidia kitu. Miezi miwili alilala ameketi, hadi daktari mmoja mama, huko Thika, alipomwuliza: “Kijana, uliwahi kuwekwa mpira kooni?”

Kamera ya Nairobi ilikuta njia nyembamba kama kalamu. Ile karatasi ya kuruhusiwa nyumbani bado anayo. Imeandikwa dawa, tarehe na bili. Siku 11 za mrija hazimo.