Udogo wa Risasi

Bunduki ni chombo kama vyombo vingine vilivyobuniwa na akili ya mwanadamu. Jembe hulima, wavu huvua, mashua huvusha, na bunduki nayo ina kazi yake. Walakini iko tofauti moja kubwa. Mtu akikosea kuchagua jembe, hasara yake ni jasho lake mwenyewe. Akikosea kuchagua bunduki, hasara huweza kumwangukia jirani asiyekuwamo katika shauri. Kwa hiyo, msomaji, ukiulizwa ni bunduki gani ifaayo kwa mchezo na burudani, haitoshi kutaja uzito wake na bei yake. Yakupasa kwanza kuiuliza historia, maana swali hilo limekwisha kujibiwa mara nyingi, na baadhi ya majibu yalitolewa karibu sana na kwetu.

Utazame mto Nzoia. Maji yake yapitayo Budalang'i na kumwagika ziwani karibu na Port Victoria hupita kwanza nchi ya Wanga, ulipo mji wa Mumias. Mwezi wa Desemba mwaka 1883, Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti, alipita nchi hizi akaliona ziwa kutoka upande wa Samia. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kuzoea kufika Wanga, ikitafuta pembe za ndovu. Walileta nguo, shanga, nyaya za shaba, na bunduki pia.

Bunduki za zamani zilikuwa taabu kuzitumia. Ile ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe. Gobori lililofuata liliwashwa kwa fataki. Zote mbili zilijazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha risasi, kisha kushindiliwa kwa ufito. Aliyekwisha kufyatua alikuwa kama mtu asiye na silaha mpaka amalize kazi hiyo yote, na mvua ikinyesha baruti ilimwaibisha.

Baadaye Waingereza wakatengeneza bunduki ya Snider, kisha Martini-Henry mwaka 1871, zilizojazwa kwa nyuma. Hiyo Martini-Henry ilikuwa na wenzo chini yake, nao uliposhushwa ulifungua tundu la risasi. Lakini kila mara ilipokea risasi moja tu. Huko Marekani mafundi walikuwa wamekwenda mbele zaidi. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860, na zile za Winchester zilizoifuata kuanzia mwaka 1866, ziliwekewa bomba refu chini ya mtutu lenye risasi nyingi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Wenzo uliposukumwa mbele, ganda tupu lilitupwa nje. Uliporudishwa, risasi mpya iliingia mahali pake. Mkono ulifanya kazi mara moja, na bunduki ikawa tayari.

Bunduki hizo za wenzo zilifika Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipokusanya mamia ya wapagazi Unguja kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha, mizigo yake ilikuwa na bunduki 510 za Remington, za kufyatua risasi moja moja, na Winchester 50 za kufyatua risasi mfululizo. Waweza kuona mwenyewe jinsi zile 50 zilivyokuwa na thamani katika msafara.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Mkataba huo ulikusudiwa kuikomesha biashara ya utumwa, na kwa sababu hiyo ulizuia bunduki za shabaha, za kujazwa kwa nyuma, zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume ziliweza kuuzwa kwa masharti. Nia ya kuzuia utumwa ilikuwa njema. Lakini matokeo yake ya pili yafaa kufikiriwa: serikali za kikoloni ziliendelea kuwa na bunduki mpya, na wenyeji wakabakiziwa zile kuukuu. Mwaka 1895, Wabukusu walipopigana na Waingereza pale Lumboka na Chetambe, baada ya ugomvi ambao bunduki zilikuwa sehemu yake, tofauti hiyo ilihesabiwa kwa maiti. Tangu hapo, kuchagua bunduki kulikuwa haki ya wachache.

Mmoja wa hao wachache alikuwa Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880. Kuanzia mwaka 1902 aliwinda ndovu Karamoja, kaskazini ya Mlima Elgon, hata akapewa jina la Karamoja Bell. Mumias ndio uliokuwa mlango wa safari za huko. Hapo msafara ulikusanyika, vyakula vikanunuliwa, na punda wakatwikwa mizigo.

Wawindaji wengi wa wakati ule waliamini kwamba mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Palikuwa na bunduki zenye mtutu wa inchi 0.600, zilizorusha risasi ya gramu 58, na uzito wake ulimchosha mchukuzi na teke lake likamwumiza mpigaji. Bell alikataa. Alipenda bunduki ya inchi 0.303 iliyotumiwa na askari, na zaidi ya hiyo ile ya inchi 0.275, yaani milimita 7, ambayo risasi yake haikuzidi gramu 11 na kidogo. Sababu zake zilikuwa za mtu mwenye akili. Bunduki nyepesi huchukuliwa siku nzima bila mkono kutetemeka. Teke lake ni dogo, kwa hiyo jicho halifumbi kwa hofu. Tena alikata fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone hasa ubongo umelala wapi. Alijua kwamba risasi ndogo inayofika mahali pake hushinda risasi kubwa inayopotea.

Kwa upande wa ufundi Bell alisema kweli, na hata leo walimu wa shabaha hufundisha hivyo. Walakini tuitazame hesabu ya mwisho. Mtu huyo mmoja, kwa risasi zake nyembamba, aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake. Aliwaahidi wenyeji ng'ombe ili wamwonyeshe makundi yalipo, naye akaondoka na pembe. Wepesi wa bunduki haukuufanya uwindaji kuwa mwepesi kwa ndovu. Uliufanya kuwa mwepesi kwa mwindaji, ndiyo maana wengi walikufa. Hili, msomaji, ndilo jambo ninalotaka ulishike: udogo wa risasi si udogo wa tendo.

Bell aliwinda kwa biashara. Tuchukue sasa mtu aliyewinda hasa kwa furaha. Tarehe 21 Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari yake ilikuwa na kazi ya elimu, kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, lakini mwenyewe hakuficha kwamba aliupenda uwindaji kwa moyo wote. Alichagua bunduki tatu: Springfield ya askari wa Marekani; bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland; na Winchester ya mwaka 1895, ya inchi 0.405, yenye wenzo. Hiyo ya tatu aliisifu sana kuwa dawa ya simba.

Ukiichunguza Winchester hiyo utaona jinsi fundi anavyoongozwa na haja. Katika bunduki za wenzo za zamani, risasi zilizopangwa katika bomba ziligusana, ncha ya moja ikielekea kitako cha nyingine. Risasi kubwa yenye ncha kali ingeweza kuiwasha iliyo mbele yake, na bunduki ikapasuka mkononi. Kwa hiyo risasi za bomba zilitengenezwa na vichwa bapa. John Browning, aliyeichora Winchester ya mwaka 1895, aliliacha bomba akaweka kisanduku chini ya tundu la risasi, zikapangana moja juu ya nyingine. Hivyo risasi zenye ncha kali na nguvu nyingi zikaweza kutumika bila hatari ile.

Roosevelt aliwinda Uasin Gishu, kisha mwezi wa Desemba akapanda meli Kisumu kwenda Entebbe, akilivuka ziwa lile lile linalopokea maji ya Nzoia. Yeye na mwanawe waliangusha wanyama na ndege 512, na miongoni mwao simba 17 na ndovu 11. Kule Uasin Gishu alitazama vijana wa Kinandi wakimzunguka simba kwa ngao na mikuki, wakamwua uso kwa uso. Mgeni alistaajabia ushujaa wao na kuuandika kitabuni.

Lakini vijana wale hawangeweza kuchagua bunduki kama alivyochagua mgeni wao. Leseni ya mwindaji mgeni iligharimu rupia 750, sawa na pauni 50. Wakati huo kodi ya nyumba katika wilaya nyingi ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Piga hesabu: leseni moja ya mchezo ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250. Na mwenyeji aliyetega mtego apate kitoweo, kama babu zake walivyofanya, aliitwa jangili na kushtakiwa. Tendo lilikuwa lile lile la kuua mnyama. Aliyelipa aliitwa mwungwana wa mchezo, na aliyekosa cha kulipa akaitwa mhalifu.

Mambo hayakudumu hivyo. Kenya iliyojitawala iliona wanyama wake wakipungua kwa bunduki za wenye leseni na za wasio na leseni, na mwezi wa Mei mwaka 1977 ikapiga marufuku uwindaji wa mchezo. Tarehe 18 Julai 1989 tani 12 za pembe za ndovu zilichomwa moto Nairobi mbele ya Rais Daniel arap Moi, ili ulimwengu ujue kwamba pembe haitakuwa bidhaa tena. Tanzania ilifuata njia nyingine, nayo hutoa leseni za uwindaji katika maeneo maalumu. Watu wenye busara hubishana hata leo ni njia ipi iliyo bora. Wewe pia waweza kufikiri na kuamua.

Baada ya kuyajua hayo, turudi kwenye swali letu. Mtu wa Kenya akitaka bunduki ndogo ya wenzo kwa burudani, mchezo uliobaki kwake ni wa kulenga shabaha. Kwa kazi hiyo, inayofaa ni ya inchi 0.22, yaani karibu milimita 5.6. Risasi yake ina gramu mbili na nusu hivi, sauti yake si kubwa, teke lake ni hafifu, na gharama yake ni ndogo. Ndiyo sababu ukubwa huo hutumika hata katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50, ingawa huko bunduki si za wenzo. Mchaguzi na atazame kama kitako kinakaa vema begani, kama alama za kulengea zinaonekana wazi, kama wenzo unakwenda bila kukwama, na kama kifyatulio hakivutiki kwa kuguswa tu. Asisahau kwamba bomba linaweza kuficha risasi moja wakati mwenyewe anadhani limekwisha. Na kabla ya yote, sheria ya silaha ya Kenya haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, wala cheti cha upande mmoja wa mpaka wa Busia au Malaba si ruhusa ya kuvuka nayo upande wa pili.

Tena afikirie mahali. Risasi hiyo ndogo huweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Katika nyanda za chini za Budalang'i, kati ya matuta ya kuzuia mafuriko na mashamba ya mpunga, hakuna kilima cha kuipokea. Na ikipiga uso wa maji hudunda ikaenda isikotazamiwa, penye mvuvi mtumbwini au mtoto kisimani. Kwa hiyo mahali pa mchezo huu ni uwanja wa shabaha wenye boma la udongo, chini ya msimamizi.

Wala mtu asidanganyike kwamba bunduki hiyo itamlinda na viboko watokao mtoni usiku kula mazao. Risasi ya gramu mbili na nusu itamjeruhi kiboko na kumtia ghadhabu, na atakayelipa deni hilo ni mpita njia wa kesho. Wako maofisa wa wanyamapori waliowekwa kwa kazi hiyo, na sheria ya mwaka 2013 imempa aliyedhuriwa njia ya kudai fidia. Ikiwa fidia hukawia, dawa yake ni kudai haki kwa sauti kubwa zaidi.

Basi, msomaji, umeona watu wawili waliochagua bunduki kwa akili nyingi. Bell alijua mahali pa kupiga. Roosevelt alijua chombo kinachofaa mkono wake. Maarifa yao si ya kubezwa. Lakini swali lililo kubwa kuliko yote, yaani kwa haki gani na kwa hasara ya nani, wakati wao halikuulizwa na wenye bunduki, kwa sababu waliokuwa na jibu hawakuwa na sauti. Leo sauti unayo. Utakapokuwa mtu mzima na kupewa chombo chochote chenye nguvu, kiwe bunduki, kalamu au cheo, usikipime kwa wepesi wake mkononi mwako. Kipime kwa uzito wake mahali kinapoangukia.