Bomba la Mgongoni na Kipimo Chake

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, wengine watasimulia habari za maghala, mizani na malipo. Mimi nimepewa kueleza historia ya chombo ambacho kila mkulima wa kahawa hukijua kwa uzito wake mgongoni, yaani bomba la kunyunyizia dawa.

Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana katika mashamba ya kahawa ya Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Wakulima hawakuwa na dawa ya kuizuia. Katika miaka iliyofuata kahawa iliangamia, na mashamba mengi yakageuzwa kuwa ya chai.

Dawa ilipatikana Ufaransa, tena kwa sababu ya wezi. Wakulima wa zabibu wa Médoc, karibu na mji wa Bordeaux, walizoea kurushia mrututu na chokaa mizabibu iliyo kando ya njia, ili wapita njia waione ile rangi na kuogopa kuchuma. Mwaka 1882 Profesa Millardet aliona kwamba mizabibu hiyo ilibaki na majani yake, hali mingine ilipukutika kwa ukungu. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akaitangaza dawa. Hapo kwanza ilirushwa kwa ufagio mdogo, kila mtu kwa kadiri apendavyo. Baadaye mafundi, miongoni mwao Vermorel wa Villefranche, wakaunda mabomba ya kubebwa mgongoni. Chulebuni ilipotambuliwa nchini Kenya mwaka 1922, njia ya kuikabili ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Lakini bomba lisilopimwa halipishani sana na ule ufagio. Somo hili nililipata kwa aibu. Katika mwaka wa tatu wa Chama tuligawa mrututu kwa mkopo, kila mwanachama kwa hesabu ya mibuni yake. Mzee mmoja mwenye mibuni 500 aliishiwa kabla ya kumaliza shamba. Mimi, kwa haraka ya ujana, niliandika katika daftari kwamba ameiuza. Halmashauri ikaamuru bomba lake lijaribiwe kwa maji matupu. Lita 15, ambazo katika bomba la jirani yake zilitosha mibuni 25, kwake ziliishia kwenye mbuni wa 20. Tundu la mdomo wa bomba lilikuwa limelika na kupanuka. Shamba lililohitaji lita 300 lilikuwa likimeza lita 375. Nilifuta maneno yangu mbele ya mkutano, nikamwomba mzee radhi.

Tangu siku ile msimu wetu huanza kwa kupima. Jaza maji safi hadi kwenye alama. Nyunyizia mibuni 10 kwa mwendo uleule na kwa kupiga mpini vilevile kama siku ya kazi. Kisha ongeza maji kwa chombo chenye vipimo hadi yaifikie alama tena. Yakiingia lita 6, kila mbuni umepata lita 0.6, na bomba la lita 15 litatosha mibuni 25. Mdomo uliolika na ubadilishwe. Ulioziba usizibuliwe kwa waya, maana waya hupanua tundu.

Ndugu wanachama, mizani ya ghalani hutulinda tunapouza. Basi na kipimo cha bomba kitulinde tunapotumia, kiilinde mali yetu, na pia heshima ya jirani.